Wino Juu ya Hariri: Majibu kwa Wasomaji Wetu

Katika toleo lililopita tulichapisha picha ya kunguru mmoja juu ya tawi kavu, iliyochorwa kwa wino mweusi juu ya hariri na Mjapani Kawanabe Kyosai mwaka 1881. Chini yake tuliandika jina la mchoraji na mwaka tu, tukidhani picha itajieleza yenyewe. Barua zilizofuata zimeonyesha kwamba haikujieleza. Nimechagua sita kati yake; waliouliza jambo lilelile kwa maneno mengine watapata majibu yao humuhumu.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mchoraji wa Tingatinga kwa mwaka wa kumi na mbili sasa. Kwetu sisi picha haijaisha mpaka ubao wote umejaa rangi, na mteja akiona sehemu tupu anadai apunguziwe bei. Huyo kunguru wenu ana tawi lake moja, basi, na sehemu yote iliyobaki ni kitambaa kitupu. Je, picha ile ilikamilika, au mchoraji aliiacha njiani? Na kama ilikamilika, nani alikubali kuilipia? (Mchoraji, Dar es Salaam)

JIBU: Ilikamilika, ndugu yangu, na swali lako la malipo liliulizwa hata huko Tokyo. Kyosai aliipeleka picha hiyo kwenye Maonyesho ya Pili ya Kitaifa ya Viwanda, yaliyofanyika Ueno mwaka huohuo wa 1881, akaiwekea bei ya yeni 100, kiasi ambacho wengi walikiona kuwa ni kufuru kwa ndege mmoja na tawi moja. Inasimuliwa kwamba alipolaumiwa alijibu kuwa hakuwa anauza kunguru, bali miaka yote aliyoitumia kujifunza mpaka akaweza kumchora kunguru wa namna ile. Mwenye duka la vitamutamu la Eitaro alilipa yeni zote 100, majaji wakaipa picha tuzo, na tangu hapo wateja wakawa wanamwandama mchoraji kila mmoja akitaka kunguru wake, naye akawachorea wengi. Hilo la wateja kung'ang'ania mnyama mmoja nadhani na ninyi mnalijua vizuri.

Sehemu tupu Wajapani huiita yohaku, yaani weupe uliobakizwa, na neno la kuzingatia hapo ni kubakizwa, kwa sababu haukusahaulika. Mchoraji hukaa mbele ya hariri kavu akiamua kwanza mahali ambapo brashi haitagusa kabisa, na baada ya hapo ndipo huilowesha. Akichora samaki aina ya koi, kwa mfano, mara nyingi hachori maji; humfifisha samaki kuanzia katikati ya mwili kuelekea mkiani mpaka wino upotelee kitambaani, na jicho la mtazamaji lenyewe huona maji pale pasipo na kitu. Katika picha ya kunguru, kitambaa kitupu ndicho hewa ya majira ya baridi. Ukikijaza mawingu na milima, yule ndege hatakuwa peke yake tena, na baridi yote itaondoka.

Iko pia sababu ya kazi yenyewe. Rangi ya mafuta mnayoitumia, ikikauka, huwaruhusu kupaka nyingine juu yake na kuficha kosa, lakini wino uliokwisha kuingia katika hariri haufutiki, na ukipaka mwingine juu yake unalikoleza kosa badala ya kulificha. Kwa hiyo fundi wa wino hujifunza kusema mengi kwa mistari michache, kwa kuwa kila mstari anaouongeza ni nafasi nyingine ya kuharibu kitambaa cha gharama. Tena tusijidai kwamba jambo hili ni geni kwetu: Mzee Edward Said Tingatinga mwenyewe, aliyefariki mwaka 1972, mara nyingi alichora mnyama mmoja mkubwa juu ya rangi moja tu ya nyuma. Kwa maoni yangu, baadhi ya picha za siku hizi zingepumua vizuri zaidi kama zingelirudia somo hilo.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa sanaa, na baada ya kuona picha yenu nilinunua kipande cha hariri nikajaribu kuchora jogoo kwa wino wa chupa. Kabla sijamaliza mkia, wino ulikuwa umesambaa kama mafuta ya taa kwenye karatasi. Wenzetu wanauzuiaje wino usitambae? Na huo wino wao ni wa namna gani? (Mwanafunzi, Bagamoyo)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wino wa chupa una lawama yake, lakini kosa kubwa lilitokea kabla hujachovya brashi, yaani katika kitambaa.

Hariri ya kuchorea, iitwayo eginu, hufumwa nyembamba, nyuzi zikiachiana nafasi kiasi kwamba ukiinyanyua unaona mkono wako ng'ambo ya pili. Huvutwa ikabandikwa kingo zake kwenye fremu ya mbao, kisha hupakwa maji yenye vitu viwili: gundi iitwayo nikawa, inayochemshwa kutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, pamoja na shabu, ileile ambayo baadhi ya vinyozi hupaka kidevuni baada ya kunyoa. Mchanganyiko huo huitwa dosa. Gundi huziba vinyweleo vya nyuzi, na shabu huifanya gundi isiyeyuke tena inapoguswa na maji. Hariri isiyopakwa dosa hunywa wino kama mchanga unavyokunywa maji, na hayo ndiyo yaliyompata jogoo wako.

Wino wao, sumi, asili yake ni masizi na nikawa. Masizi hukusanywa kwa njia mbili: ama huwashwa taa ndogo za mafuta ya mbegu, kama vile ufuta, chini ya vifuniko vya udongo vinavyonasa moshi, ama huchomwa kuni za msonobari zenye utomvu. Masizi na gundi hukandwa pamoja kama unga wa chapati, hutiwa manukato kidogo ili kuficha harufu ya gundi, hushindiliwa katika kalibu ya mti, kisha kijiti kinachopatikana hufukiwa ndani ya jivu ambalo unyevu wake hupunguzwa siku baada ya siku, kwa sababu kikikauka haraka kitapasuka. Mwishoni vijiti hufungwa kwa majani makavu ya mpunga na kutundikwa kwa miezi. Kitovu cha kazi hii ni mji wa Nara, ambako nyumba ya Kobaien imekuwa ikitengeneza wino tangu mwaka 1577, na kazi hufanyika katika miezi ya baridi tu, kwa kuwa joto huozesha gundi. Elimu yenyewe ilitoka ng'ambo: kitabu cha kale cha historia cha Wajapani, Nihon Shoki, kinaeleza kwamba mtawa aitwaye Doncho, kutoka ufalme wa Goguryeo huko Korea, alifika mwaka 610 akiwa na ujuzi wa kutengeneza karatasi na wino.

Anayetaka kuchora humwaga matone ya maji juu ya kijiwe kilichochongwa kibonde, akasugua kijiti polepole mpaka maji yawe mazito. Ukitaka weusi uongeze kusugua. Ukitaka kijivu uongeze maji. Masizi ya mafuta hutoa weusi unaoelekea kahawia, na ya msonobari hutoa weusi unaoelekea samawati, hivyo mtu aliyezoea huona rangi kadhaa pale ambapo sisi tunaona nyeusi peke yake. Hapo pia ipo mbinu ambayo ningependa uijaribu hata kwenye karatasi: lowesha brashi nene kwa wino hafifu, kisha chovya ncha yake tu katika wino mzito, ilaze ubavu, uvute mara moja. Upande mmoja wa mstari utatoka mweusi na mwingine mwepesi, na bila kuchora ukingo wowote utakuwa na pingili ya mwanzi iliyo duara. Wachoraji wa Kyoto huiita tsuketate, na miili mingi ya wanyama katika picha zao imejengwa namna hiyo.

Kwa kuwa hariri inapitisha mwanga, ina faida ambayo karatasi nzito haina: inaweza kupakwa rangi upande wa nyuma. Aliyeifikisha mbinu hiyo mbali kuliko wengi ni Ito Jakuchu wa Kyoto, aliyezaliwa mwaka 1716 katika familia ya wauza mboga kwa jumla katika soko la Nishiki. Alipofikia umri wa miaka kama 40 aliliacha duka akajitolea kuchora. Alifuga makumi ya kuku uani kwake na kuwatazama kwa miaka, na jogoo wake wanasimama kama watu wenye kesi mahakamani. Kati ya takriban mwaka 1757 na 1766 alichora magombo 30 ya hariri, yaani picha za kuviringishwa, yenye ndege, samaki, wadudu, maua na theluji, akayatoa kwa hekalu la Shokokuji. Mwaka 1889 yakapewa nyumba ya kifalme, na mwaka 2021 yakatangazwa kuwa Hazina ya Taifa. Hayo ni ya rangi, si ya wino peke yake, lakini yanaeleza kitambaa kuliko picha nyingine yoyote niijuayo. Katika mojawapo yumo ndege mweupe wa hadithi ambaye manyoya yake yanang'aa kana kwamba yametiwa dhahabu, na watu waliamini hivyo kwa muda mrefu. Magombo yalipokarabatiwa kati ya mwaka 1999 na 2004, ilionekana kwamba nyuma ya hariri Jakuchu alipaka udongo wa manjano, na mbele akachora nyuzinyuzi za weupe utokanao na maganda ya chaza yaliyosagwa. Mwanga ukipita katikati ya hizo mbili, jicho linaona dhahabu ambayo haipo.

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafundisha sanaa katika shule ya sekondari. Niliwaonyesha wanafunzi wangu picha za kale za Kijapani za chui milia, wakacheka na kusema kwamba hao ni paka waliovimba. Niliwakemea, lakini kimoyomoyo nilikubaliana nao. Je, Japani ina chui milia? Na simba wetu, amewahi kuchorwa na watu hao? (Mwalimu, Arusha)

JIBU: Waombe radhi wanafunzi wako, Mwalimu, kwa maana waliona sawasawa. Wakati wote walipoishi wachoraji hao, chui milia hakuwako katika misitu ya Japani. Zilizofika ni ngozi zake, zilizoletwa na biashara, na picha za Kichina na za Kikorea. Mchoraji aliyepewa ngozi alijua milia inavyopangana, ila hakujua bega linavyopanda mnyama anaponyemelea wala shingo inavyoinama anapokunywa maji, na kwa mambo hayo mwalimu aliyekuwa karibu ni paka wa jikoni. Waambie wanafunzi watazame jicho: mboni ya chui milia ni duara, ile ya paka mchana hujibana kama ufa wa mlango, na wengi wa chui milia wa Kijapani wana huo ufa. Hata Maruyama Okyo wa Kyoto (1733–1795), aliyesisitiza kuliko wote kwamba mtu achore kile ambacho macho yake yameona, alilazimika kuichora ngozi iliyotandazwa na kuyakisia yaliyobaki. Mwanafunzi wake Nagasawa Rosetsu hakujisumbua hata kuficha: katika hekalu la Muryoji, mwaka 1786, alichora kwenye milango ya karatasi chui milia mkubwa mwenye uso wa paka kabisa, na upande wa nyuma wa milango hiyohiyo akamweka paka anayewinda samaki.

Liko kosa jingine ambalo watoto wa Arusha wana haki ya kulicheka zaidi. Kwa muda mrefu iliaminiwa huko kwamba chui mwenye madoa ni jike la chui milia, ndiyo maana katika kuta za kasri la Nijo mjini Kyoto, zilizochorwa karne ya 17, utaona chui wa madoa wamekaa katikati ya wenye milia kama mama wa familia.

Nyani wana habari tofauti. Picha iliyowafundisha Wajapani kumchora nyani kwa wino ni ya mtawa wa Kichina wa karne ya 13 ambaye wao humwita Mokkei: magombo matatu ya hariri yaliyo katika hekalu la Daitokuji, Kyoto, mojawapo likiwa na giboni mwenye mikono mirefu amemkumbatia mwanawe juu ya mti. Giboni naye hapatikani Japani, lakini alinakiliwa kwa karne nyingi na mafundi ambao hawakuwahi kumwona. Aliyeleta badiliko ni Mori Sosen wa Osaka (1747–1821), aliyemchora nyani wa milima ya kwao mwenye uso mwekundu. Inasimuliwa kwamba mtu mmoja alimwambia kuwa nyani wake walikuwa wa kufungwa kamba, maana alijifunzia kwa walioko kifungoni, na Sosen akaenda kukaa msituni mpaka akawajua walio huru. Alipofika umri wa karibu miaka 60 alibadilisha herufi moja ya jina lake, ikawa ile inayomaanisha nyani. Manyoya yake ni somo la peke yake: kwanza hupakwa kivuli hafifu chenye umbo la mwili, kisha unywele mmojammoja kwa brashi nyembamba, mingine hariri ikiwa bado na unyevu ili ncha zake zilainike, mingine ikiwa imekauka ili ibaki mikali. Ukiitazama kwa karibu unahesabu mistari. Ukirudi nyuma hatua tatu unataka kupapasa.

Sasa simba. Wajapani walikuwa naye tangu kale kwa njia ya dini ya Budha, ila aliwafikia kwa masimulizi, akawa mnyama wa kubuni mwenye nywele za kujipindapinda kama sufu. Takeuchi Seiho wa Kyoto (1864–1942) alisafiri kwenda Ulaya mwaka 1900, wakati wa maonyesho makubwa ya Paris, akawakuta simba halisi katika bustani za wanyama akawachora akiwa amesimama mbele yao. Aliporudi aliwachora tena kwa brashi ya kwao, na watazamaji wa Kyoto wakashangaa kuona mnyama mwenye uzito, mwenye usingizi, mwenye manyoya yaliyoshuka. Walikuwa ni simba wa nyuma ya vyuma, hilo tusilisahau, na mimi huuona uvivu wa kifungoni katika macho yao.

Kwa kuwa umemwita simba wetu, nikuongezee twiga, ambaye hapo ana haki zaidi. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimpeleka twiga kwa mfalme wa China. Mwaka uliotangulia mwingine alikuwa amefika kutoka Bengali, na picha yake ilichorwa juu ya hariri pamoja na maandishi ya kumsifu. Wachina walimwona kuwa ndiye yule mnyama wa heri wa hadithi zao, qilin. Wajapani huliita jina hilo kirin, na mpaka leo kirin ndilo neno lao la twiga, ingawa twiga walio hai hawakufika bustani ya wanyama ya Ueno, Tokyo, mpaka mwaka 1907.

SWALI: Nimezawadiwa picha ya bundi ya Kijapani. Mke wangu amekataa katakata isitundikwe sebuleni, anasema ni kuita msiba. Rafiki aliyenipa anasema kwao bundi ni bahati. Nani mkweli? (Msomaji, Kigoma)

JIBU: Wote wawili. Leo Wajapani hucheza na jina lake, fukuro, kwa kuwa likikatwa linaweza kusikika kama maneno yanayomaanisha bila taabu, hivyo sanamu na picha zake huuzwa kama zawadi za heri. Lakini zamani, kwa mafundisho yaliyotoka China, bundi alisemwa kuwa ndege asiye na fadhila, mla mama yake mzazi, na bibi wa Kijapani wa siku hizo angekaa upande wa mkeo. Wanyama wengine hawana utata huo: korongo ni maisha marefu, samaki wa koi anayepanda maporomoko ya maji ni kijana anayefaulu, na shomoro katika mianzi ni marafiki wanaokaa pamoja. Mtundike bundi wako chumba cha kusomea, na ukipata korongo siku moja, sebule itakuwa na amani.

SWALI: Marehemu mume wangu alikuwa baharia. Katika sanduku lake nimekuta kitambaa kirefu cha hariri kilichoviringishwa kwenye fimbo, alichokileta kutoka Kobe, kina korongo wawili na mti wa msonobari. Kimeanza kuwa na madoa ya kahawia, na mikunjo kwa upana. Mtoto wa dada yangu anataka kukipeleka kilaminetiwe. Nifanye nini, na nitajuaje kama kilichorwa kwa mkono? (Mama, Mombasa)

JIBU: Pole sana kwa kufiwa, Mama, na ahsante kwa kuuliza kabla ya kutenda. Tafadhali mzuie kijana. Plastiki ya moto ikishashika hariri haiondoki tena, na unyevu uliomo ndani utakaa humo ukiotesha ukungu.

Ulicho nacho huitwa kakejiku, gombo la kutundika. Nyuma ya hariri mna tabaka za karatasi zilizobandikwa kwa uji mwepesi wa ngano, na mafundi wa kazi hiyo huuhifadhi uji wa namna fulani katika mitungi kwa miaka kama 10 ili upoteze ukali wake na gombo libaki laini linapoviringishwa. Huko kwao halikai ukutani mwaka mzima. Hutundikwa wiki chache kufuatana na msimu, kisha hupumzishwa katika sanduku la mti mwepesi uitwao kiri, unaosaidia kuzuia unyevu. Makumbusho ya Japani, kwa picha za hariri zenye hadhi ya Hazina ya Taifa, kwa kawaida hayazidishi siku 60 za kuonyesha kwa mwaka, kwa kuwa mwanga huipausha rangi na kuifanya hariri iwe kahawia na ya kukatika.

Kwa nyumba ya Mombasa ningefanya hivi. Chagua siku kavu ya kaskazi, si masika, unawe mikono na kuikausha vizuri, kisha ulifungue gombo polepole juu ya shuka safi, kwenye chumba kisichopigwa na jua. Liache lipate hewa kwa saa chache, ukilitazama kama kuna wadudu au vumbi la kijani la ukungu. Usifute doa kwa maji wala kwa kitambaa, usipige pasi mikunjo hata kwa moto mdogo, na usibandike utepe wa gundi mahali palipoachia. Ukiliviringisha tena, usilikaze, wala kamba yake usiifunge kwa nguvu, maana mikunjo ya upana hutokana mara nyingi na kukazwa huko. Lifunge kwa karatasi safi au kitambaa cha pamba kilichofuliwa bila manukato, uliweke kabatini juu, mbali na ukuta wa nje. Ukitaka kulitundika sikukuu, litundike, ila siku hizo chetezo cha udi kikae chumba kingine, kwa sababu moshi huingia katika nyuzi na hautoki.

Kujua kama lilichorwa kwa mkono, tafuta lenzi ya kukuzia. Picha ya mashine mara nyingi huonyesha vitone vidogo vilivyopangana sawasawa. Katika iliyochorwa utaona wino umekusanyika kidogo ukingoni mwa mstari, na utaona mahali ambapo brashi iliishiwa na kuacha mikwaruzo. Jina na muhuri mwekundu pembeni visikupe uhakika, kwa kuwa mihuri ya wachoraji maarufu imeigwa tangu walipokuwa hai. Mabaharia wengi walinunua magombo ya bei ya kawaida yaliyotengenezwa kwa ajili ya wageni, na huenda lako ni mojawapo, lakini kwako lina thamani ya kutosha kulilinda.

SWALI: Mimi ni fundi cherehani, mabaki ya hariri ninayo tele, na mkono wangu si mzito. Nataka kujaribu kuchora kunguru kama yule, maana hapa kwetu kunguru ni wengi mno. Nianzie wapi? (Fundi, Unguja)

JIBU: Anza kwa kuhakikisha kwamba hayo mabaki ni hariri, fundi, kwa kuwa vitambaa vingi vinavyouzwa kwa jina hilo ni vya nyuzi za kiwandani. Chomoa uzi mmoja uuchome: hariri hunuka kama nywele zilizoungua na huacha jivu linalosagika kwa vidole, nyuzi za kiwandani huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Chagua ile nyembamba, isiyo na nakshi, uifue kwa sabuni laini ili kuondoa dawa za kiwandani, na ikikauka uivute kwenye fremu.

Badala ya nikawa unaweza kutumia gelatini ya ng'ombe. Ilowe katika maji ya baridi, kisha uipashe moto bila kuichemsha, utie shabu iliyosagwa kidogo tu, kwa sababu shabu ikizidi hariri hung'aa na baada ya miaka hukatika. Mchanganyiko uwe mwepesi kama maji ya wali. Upake kwa brashi pana, kwa mkono usiosita, uache ukauke, urudie mara ya pili. Jaribu tone la wino pembeni: likikaa mahali pake, kitambaa kiko tayari, likitambaa, paka tena. Mimi niliharibu vipande vinne kabla ya kupata kimoja kilichokubali.

Kunguru mwenyewe aje baadaye. Wanafunzi wa kazi hii huanza na mwanzi, kwenye karatasi ya kawaida, pingili na majani, mpaka mkono ujue ni kiasi gani cha maji kimo ndani ya brashi bila kuangalia. Ukifika kwa kunguru, anza na jicho na mdomo kwa wino mzito kabisa, kisha bawa kwa mivuto michache mipana, na uache nyufa nyembamba za kitambaa kati ya mvuto mmoja na mwingine, maana hizo ndizo zitakazokuwa mng'ao wa manyoya. Wetu wa hapa, yule aliyetoka India, ana shingo ya kijivu, na itakubidi uwe na kibakuli cha pili cha wino uliopunguzwa maji nusu kwa nusu. Muhuri upigwe mwisho kabisa, wino ukiwa umekauka usiku mzima, upande ambao kunguru hautazami.